Kambalda, Mount Keith au Kabanga: Uingie porini na mfano upi wa kutafuta nikeli?

Kijana mmoja aliyemaliza shahada ya jiolojia alinionyesha ramani mbili za leseni kwenye simu yake. Ya kwanza imekaa kwenye mikanda ya miamba ya kijani, yaani lava za kale zilizogeuzwa na joto na shinikizo, kusini mwa Ziwa Victoria. Ya pili iko Kagera, upande wa mpaka wa Burundi. Bajeti ya kuchoronga inatosha sehemu moja tu. "Mwalimu, tuanze wapi?"

Nilimwambia kabla ya kuchagua leseni achague mfano. Nikeli iliyofungwa kwenye salfaidi, yaani madini ya metali iliyoungana na salfa, hupatikana ndani au kando ya miamba ya ultramafiki, yaani miamba mizito yenye magnesiamu na chuma kwa wingi na silika kidogo, na miamba hiyo haikuumbwa kwa namna moja. Anayetafuta kwa mfano usiofaa eneo lake atapita juu ya mbale, yaani mwamba wenye madini ya kutosha kulipa uchimbaji, bila kuiona, au atachoronga mashimo kumi kwenye kitu kisicho na nikeli kabisa. Yote mawili nimeyaona.

Hapa nitalinganisha mifano mitatu, kila mmoja kwa jina la mahali unapojulikana zaidi. Kambalda, Australia Magharibi, ni nikeli iliyotua chini ya mito ya lava ya kale. Mount Keith, nchi hiyohiyo, ni mwili mkubwa wa duniti, mwamba wa ultramafiki, wenye chembe ndogo za salfaidi zilizotapakaa. Kabanga, wilayani Ngara, ni mabomba ya magma yaliyopenya miamba ya tope chini ya ardhi. Nikeli ya udongo mwekundu, kama ile ya Musongati nchini Burundi, nimeiacha kwa makusudi. Hiyo huumbwa na mvua na jua juu ya miamba hii, na utafutaji wake ni kazi nyingine kabisa.

Vigezo ni vitano: umri na aina ya magma, chanzo cha salfa, umbo na ubora wa mbale, dalili na vifaa vya kuitafuta, na ugumu wa kuichimba na kuisindika. Baada ya hapo nitasema kila mfano unamfaa nani.

Kwanza, kanuni inayoziunganisha zote tatu

Magma ya ultramafiki ikitoka kwenye kina cha dunia huwa imebeba nikeli kidogo. Ikipoa bila kusumbuliwa, nikeli hiyo huingia ndani ya fuwele za olivini, madini ya kijani yanayojenga sehemu kubwa ya miamba hii, na kubaki humo. Olivini inaweza kuwa na nikeli asilimia 0.2 au 0.3, lakini imefungwa kwenye silika na kuitoa ni gharama tupu. Mwamba mzima unaweza kuonyesha nikeli kwenye maabara na usiwe na thamani yoyote.

Mambo hubadilika magma ikishiba salfa. Salfa iliyozidi hujitenga na kuwa matone ya salfaidi iliyoyeyuka, kama mafuta yanavyojitenga na maji, ila mafuta haya ni mazito na yanazama. Nikeli inaipenda salfaidi zaidi ya mara mia kuliko inavyoipenda magma, kwa hiyo kila tone linalopita huifyonza nikeli iliyo jirani, pamoja na shaba, kobalti na metali za kundi la platini. Matone yakikusanyika chini, kwenye bonde au kwenye kona ya bomba, unapata mbale. Yasipokusanyika, unapata mwamba wenye vimetameta visivyolipa.

Tofauti zote za mifano hii mitatu zinatoka kwenye maswali mawili: salfa ilitoka wapi, na matone yalikusanyika wapi.

Umri na aina ya magma

Kambalda ina umri wa miaka bilioni 2.7 hivi. Zama hizo tumbo la dunia lilikuwa na joto kuliko leo, na lava iliyomwagika iliitwa baadaye komatiiti, kwa jina la mto Komati wa Afrika Kusini, ambako ndugu wawili, Morris na Richard Viljoen, waliieleza mwaka 1969. Lava ya volkeno nyingi za leo hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi. Komatiiti ilifika hadi 1,600, ikakimbia nyepesi kama mafuta ya kupikia yaliyopata moto. Lava ya namna hii karibu yote ni ya enzi za kale kabisa, kwa hiyo hutaipata kwenye miamba michanga labda kwa nadra sana.

Alama yake ukishaiona hutaisahau. Kwenye kipande cha mwamba uliochorongwa, ukikilowesha maji, utaona majani marefu membamba ya olivini yamechomokeana huku na huku, mengine yana urefu wa kidole, mengine wa kiganja, kama nyasi kavu zilizogandishwa ndani ya jiwe. Waaustralia waliuita muundo huo kwa jina la nyasi zao za jangwani, spinifex. Hujengeka sehemu ya juu ya mtiririko wa lava, mahali ilipopoa haraka. Ukiwa na majani hayo mkononi unajua uko ndani ya lava, na unajua juu ni wapi na chini ni wapi. Hilo la pili ndilo la thamani kubwa kwa mtafutaji, kwa sababu mbale hutua chini.

Mount Keith ni ya ukoo na zama hizohizo. Tofauti ni kwamba olivini ilirundikana kwa wingi mno hadi ikaunda mwili mnene wa duniti, mwamba wa olivini karibu tupu, wenye unene unaofikia mamia ya mita. Wataalamu hawajakubaliana kama mwili huo ulikuwa njia kuu ya lava juu ya ardhi au magma iliyojipenyeza kati ya matabaka chini yake. Kwa mtafutaji, umuhimu wa mjadala huo ni mmoja tu: usiikatae duniti kwa sababu hukuona majani ya olivini.

Kabanga ni changa, kama miaka bilioni 1.37 inaweza kuitwa changa. Magma yake haikuwa komatiiti. Ilikuwa na magnesiamu kidogo zaidi na joto la chini zaidi, lakini olivini na pairoksini, madini mengine ya magnesiamu na chuma, zilipozama humo zikaacha miamba ya ultramafiki. Msururu wa miili ya namna hii unapita Kagera na kuingia Burundi, na Kapalagulu, mashariki mwa Ziwa Tanganyika, ni ya tukio hilohilo.

Salfa ilitoka wapi

Hapa ndipo ningekuomba msomaji ukae zaidi, maana ndipo leseni nyingi hufa au hupona.

Magma ya komatiiti ikitoka chini haijashiba salfa. Ili ishibe lazima ile kitu njiani. Kambalda ilikula sakafu yake. Chini ya mito ya lava palikuwa na tabaka jembamba la tope la bahari lenye salfaidi za chuma, na lava ya joto lile, ikipita mahali pamoja kwa muda, iliiyeyusha sakafu hiyo na kuchimba mfereji. Ushahidi wake unaonekana kwa macho: pembeni mwa mfereji tabaka la tope bado lipo, lakini chini ya mbale yenyewe halipo. Limeliwa. Ukichora ramani ya tabaka hilo na kukuta pengo, hapo ndipo pa kupigia mstari mwekundu. Mjiolojia asiyetilia maanani tabaka la tope la mita chache kwa sababu "si ultramafiki" atakuwa ametupa ufunguo wa nyumba.

Mount Keith haikupata mlo mkubwa hivyo. Salfaidi yake ni asilimia chache tu ya mwamba, chembe zilizojitenga kidogo kidogo wakati olivini inazama, zikaganda katikati ya fuwele. Hakuna sakafu iliyojaa salfaidi tupu, hakuna bonde la kulitafuta. Salfa ilitosha kuigusa nikeli kila mahali na haikutosha kuikusanya.

Kabanga ilikula hadi ikavimbiwa. Mabomba yake yalipenya miamba ya tope iliyogeuka kuwa shisti, yenye salfaidi za chuma na madini ya kinywe. Vipimo vya isotopu za salfa, yaani aina zake zinazotofautiana uzito, kwenye mbale ya Kabanga viko mbali na vile vya tumbo la dunia na vinafanana na vya shisti zinazoizunguka, yaani salfa nyingi ni ya kuazima kwa majirani. Mlo huo una faida na hasara. Faida ni wingi: salfaidi tupu kwa mita nyingi. Hasara ni kwamba nikeli ilibidi igawanywe kwa salfaidi nyingi mno, kwa hiyo metali za kundi la platini ni haba, na sehemu kubwa ya mbale ni pairotaiti, salfaidi ya chuma, huku pentlandaiti, yenye nikeli, ikiwa sehemu ndogo ndani yake.

Kwa hiyo kabla hujasaini chochote, uliza: katika eneo langu, magma ilikuwa na nini cha kula? Kama jirani za mwili wako wa ultramafiki ni graniti na gnaisi zisizo na salfa, mfano wa Kambalda na wa Kabanga yote miwili imepoteza mguu mmoja.

Umbo, ukubwa na ubora wa mbale

Kambalda ni utepe. Mfereji mmoja unaweza kuwa na urefu wa kilomita moja hadi tatu, upana usiozidi mita mia chache, na unene wa mbale wa mita chache au pungufu. Chini kabisa hukaa salfaidi tupu, juu yake olivini iliyozungukwa na wavu wa salfaidi, na juu zaidi chembe zilizotapakaa. Ubora ni mkubwa, kwa kawaida nikeli asilimia 2 hadi 4. Shimo la kwanza la kampuni ya Western Mining, Januari 1966, lilikata mita 2.7 za asilimia 8.3, na matokeo hayo ndiyo yaliyowasha moto wa nikeli Australia. Mwaka 1969 hisa za kampuni ndogo ya Poseidon, iliyopata nikeli Windarra, zilikuwa chini ya dola moja ya Australia. Februari 1970 zilifika dola 280, kisha zikaporomoka. Utepe wa namna hii ukiukosa kwa mita hamsini, umeukosa kabisa.

Mount Keith ni mlima uliozikwa. Ubora ni asilimia 0.5 hadi 0.6, lakini tani ni mamia ya mamilioni. Canada kuna ndugu zake walio maskini zaidi, Dumont na Crawford, wenye chini ya asilimia 0.3. Hutaukosa kwa mchorongo. Swali litakuwa kama unalipa.

Kabanga iko katikati kwa ukubwa na karibu na Kambalda kwa ubora: makumi ya mamilioni ya tani, asilimia 2 au zaidi ya nikeli, pamoja na kobalti na shaba kidogo. Umbo lake ndilo gumu. Mabomba yamelazwa, yamekunjwa na kusimamishwa na misukosuko ya ardhi, na salfaidi tupu mara nyingine imetoka nje ya mwili wa ultramafiki na kuingia kwenye shisti, makumi ya mita kutoka pale ungeitarajia. Anayesimamisha shimo lake mara tu ultramafiki inapokwisha anaweza kuwa amesimama mlangoni.

Dalili na vifaa

Salfaidi ikifika juu ya ardhi huoza na kuwa mwamba wa kutu, mwekundu na wa kahawia, wenye matundutundu. Kambalda ilipatikana hivyo: mtafutaji madini George Cowcill, ambaye mwanzoni alikuwa akitafuta urani, aliokota mawe ya namna hiyo na baadaye kuyapeleka kwa kampuni. Tatizo ni kwamba salfaidi za chuma zisizo na nikeli huacha kutu ileile. Nikeli husombwa na maji, kwa hiyo pima shaba na metali za kundi la platini zinazong'ang'ania kubaki. Nikeli peke yake, hasa juu ya ultramafiki iliyooza, ni shahidi mwongo.

Kwa mfano wa Kambalda, kazi kubwa ni ya daftari na nyundo: tenganisha mitiririko ya lava, jua upande wa juu, tafuta mahali lava ilipokuwa nene na yenye olivini nyingi, fuatilia tabaka la tope. Kemia ya mwamba husaidia kuona lava iliyokula sakafu. Vipimo vya sumakuumeme, hasa vile vinavyoshushwa ndani ya shimo lililokwisha kuchorongwa, ndivyo vinavyookoa fedha, kwa sababu salfaidi tupu hupitisha umeme vizuri mno na kifaa huiona hata shimo likiikosa kwa makumi ya mita.

Kwa Mount Keith kifaa hicho hakikusaidii sana. Chembe hazigusani, umeme haupiti. Hapa ramani ya sumaku ndiyo mwongozo wa kwanza: duniti iliyonyonya maji hugeuka kuwa serpentini na kuzaa magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, njiani, na mwili wote huwaka kwenye ramani. Lakini sumaku inakuonyesha duniti, haikuonyeshi salfaidi. Baada ya hapo unahitaji vipimo vya chaji ya umeme ardhini na mashimo mengi, na kila sampuli ipimwe nikeli iliyo kwenye salfaidi peke yake, mbali na ile iliyofungwa kwenye silika. Kipimo cha nikeli ya jumla hapa kinaweza kukudanganya kwa miaka.

Kwa Kabanga kuna mtego mmoja mkubwa: kinywe. Nacho kinapitisha umeme. Nimewahi kusimama kando ya mtambo wa kuchoronga, kampuni sitaitaja, tukingojea shimo lililoelekezwa kwenye alama kali kuliko zote za kipimo cha umeme cha eneo lile. Siku ya tatu ulitoka mwamba mweusi, laini, unaopaka vidole kama penseli. Mita kumi na nne za shisti ya kinywe. Msaidizi wangu alivifuta vidole kwenye suruali na hakusema kitu. Tangu siku ile sikubali shimo kwa sababu ya umeme pekee. Ninataka pia ramani ya uzito wa ardhi, kwa kuwa salfaidi ni nzito na kinywe ni chepesi, na ninataka kemia ya udongo inayoonyesha nikeli na shaba pamoja. Vitu vitatu vikikubaliana mahali pamoja, hapo nachoronga.

Kipande chenyewe cha salfaidi tupu, ukikipata, hakihitaji maabara kujitambulisha. Kina rangi ya shaba iliyofifia, mkono unashuka kwa uzito, na kalamu ya sumaku hukinasa. Sehemu mpya iliyokatwa hung'aa leo, na baada ya wiki chache kwenye unyevu huanza kupata kutu. Kata na upige picha mapema.

Kabanga yenyewe haikuonekana mara moja. Mradi wa UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulichoronga eneo hilo miaka ya 1970, na kampuni baada ya kampuni zilirudi kwa miongo iliyofuata, kila moja ikisukuma mashimo ya ndani zaidi na kuongeza kwenye picha ya miili ya Kaskazini na Tembo ambayo leo ndiyo moyo wa mradi. Mfano huu unahitaji subira ya miaka mingi.

Kuchimba na kusindika

Mbale ya aina ya Kambalda huchimbwa chini ya ardhi, kwa kufuata utepe. Kuta hukunjwa na kukatwa na mipasuko, na mchimbaji anaweza kupoteza mbale ghafla na kulazimika kuitafuta upya upande wa pili wa mpasuko. Lakini mbale ni tajiri, mgodi mmoja unaweza kuanza kwa mtaji mdogo kuliko mingine miwili, na makinikia yake hupendwa na viwanda vya kuyeyusha kwa kuwa yana magnesiamu kidogo.

Mount Keith ilichimbwa kwa mgodi wa wazi, mamilioni ya tani kwa mwaka, kwa mitambo mikubwa. Olivini iliyogeuka serpentini na talki huleta shida kiwandani: talki huelea pamoja na salfaidi na kuingiza magnesiamu kwenye makinikia, na magnesiamu nyingi hufanya taka za tanuri kuwa ngumu kuyeyuka. Zaidi ya yote, ubora mdogo haukupi nafasi bei ikishuka. BHP, kampuni kubwa ya madini iliyoinunua Western Mining mwaka 2005, ilisimamisha shughuli zake za nikeli Australia Magharibi Oktoba 2024 baada ya soko kujaa nikeli, nyingi ikitoka Indonesia.

Kabanga itachimbwa chini ya ardhi, na ndani sana. Pairotaiti kwa wingi ule inahitaji uangalifu: ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, na mabaki yake lazima yahifadhiwe vizuri kwa ajili ya vijiji na vyanzo vya maji vya Ngara. Kutoka Ngara hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na ndiyo maana mpango wa kuongeza thamani Kahama, kwa kutumia njia ya maji na kemikali badala ya tanuri, umekuwa sehemu ya mradi tangu Tembo Nickel ianzishwe mwaka 2021, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu inayopaswa kufuatiliwa na Watanzania kwa karibu kuliko idadi ya tani.

Inamfaa nani

Mfano wa Kambalda unamfaa mwenye timu ndogo na wajiolojia wanaopenda kutembea. Fedha kidogo huenda mbali kama uchoraji wa ramani ni mzuri. Unahitaji miamba ya kijani ya kale yenye komatiiti ya kweli, na Afrika mifano yake halisi iko Zimbabwe, kwenye migodi kama Trojan ya Bindura. Usiuvae mfano huu kwa sababu tu leseni yako ina miamba ya kijani. Mingi ni basalti ya kawaida, na basalti haitakupa Kambalda.

Mfano wa Mount Keith unamfaa mwenye mtaji mkubwa, umeme wa bei nafuu, eneo tambarare lisilo na watu wengi, na uwezo wa kungoja bei. Unamfaa pia mtafiti anayependa kemia ya serpentini na usindikaji. Kampuni changa isiyo na mshirika mkubwa itaumia.

Mfano wa Kabanga unamfaa anayeweza kuchoronga mashimo marefu kwa miaka kadhaa na kukaa na wataalamu wa vipimo vya ardhi meza moja. Afrika mashariki na kusini una upana zaidi kuliko miwili ile: Ntaka Hill huko Nachingwea ni nikeli ya salfaidi kwenye miili iliyojipenyeza, na Nkomati ya Afrika Kusini ni mfereji wa magma wa umri mwingine kabisa. Mwanafunzi wa Tanzania anayetaka mada ya tasnifu atapata hapa miamba, ramani na maswali ambayo hayajaisha.

Kulingana na hali yako

Kama una leseni kwenye miamba ya kijani na hujawahi kuthibitisha komatiiti, tumia msimu wa kwanza kwa ramani na kemia peke yake. Ukikuta oksaidi ya magnesiamu juu ya asilimia 18 na majani ya olivini, endelea na Kambalda. Usipoyakuta, badili lengo. Mikanda ile ina dhahabu, na hakuna aibu kuitafuta.

Kama ramani ya sumaku imekupa mwili mnene unaong'aa, na mashimo mawili ya kwanza yameonyesha nikeli asilimia 0.25 bila salfaidi yoyote inayoonekana, simama. Peleka sampuli zipimwe nikeli ya salfaidi kabla ya shimo la tatu. Jibu likija chini sana, nikeli yako iko ndani ya olivini na itabaki humo.

Kama uko kwenye shisti zenye salfaidi na kinywe, na kuna miili midogo ya ultramafiki imepenya humo, huo ni uwanja wa Kabanga hata kama mwili wenyewe ni mdogo kiasi cha kudharauliwa. Bomba dogo linaweza kuwa limepitisha magma nyingi kuliko ziwa kubwa lililotulia. Hapo endelea kuchoronga hata baada ya ultramafiki kwisha, na usiamini umeme bila uzito.

Kama fedha inatosha mashimo matatu tu, mfano wa Kabanga si wako kwa sasa. Tafuta mshirika kwanza, au fanya kazi ya juu ya ardhi tu na uitunze vizuri ili mshirika akija akute kitu.

Kama wewe ni mwanafunzi na huna leseni wala fedha, anza na kinachoweza kusomwa bure au kwa ada ndogo: ramani za jiolojia za GST, taasisi ya serikali ya jiolojia, huko Dodoma, taarifa za zamani za utafutaji, na vipande vya miamba iliyochorongwa miaka mingi iliyopita. Ripoti ya mtu aliyekosa nikeli mwaka 1978 inaweza kuwa na tabaka la tope ambalo hakulitilia maanani.

Yule kijana hakuchagua leseni siku ile. Wiki iliyofuata aliniandikia kwamba ya Kagera ina mashimo manne ya zamani, na kwamba mawili kati yake yalisimamishwa mita tatu baada ya ultramafiki kwisha. Ameomba kibali cha kurudi kwenye mojawapo na kushusha kifaa cha sumakuumeme ndani yake.